Maziwa ya Mdomoni

Kwa dada yangu mpenzi,

Shikamoo, Dada. Pokea na shikamoo ya mwanangu Bosi, ambaye bado hajui kuamkia mtu ila ananyoosha mkono kama anayedai kitu chake. Magoti yako yanaendeleaje? Na kile kikohozi ulichokitaja, kimeondoka, au bado unaingia nacho darasani kuwafundisha watoto wa chekechea? Shemeji hajambo? Mwambie suruali zake mbili ziko tayari tangu mwezi uliopita, zimekosa tu mtu wa kuzileta. Sisi huku ni wazima wa mwili. Ya moyoni nitakueleza, lakini kaa kitako kwanza.

Barua yako nimeipata. Unasema umewatangazia walimu wenzako wote kwamba mtoto wa mdogo wako amefanyiwa upasuaji mkubwa, na sasa njia yake ya chakula ni nzima kama ya watu wengine. Ni kweli, amefanyiwa. Ila Dada, mtoto hali. Hii ni wiki ya nne tangu atolewe chumba cha upasuaji na hajameza hata kijiko kimoja. Ukimsogezea maziwa anakaza midomo, anageuza shingo, anatapika kabla hujamgusa. Na wiki hii ilibaki hatua tano, nimezihesabu, arudishwe tena kwenye kisu. Nina hasira, Dada, mpaka taya zinaniuma. Sijui nianze kumkasirikia nani, kwa hiyo naanza mwanzo kabisa.

Unakumbuka alivyozaliwa. Mapovu mdomoni, unafuta yanarudi, na mkunga anasema ni maji ya uzazi tu, yataisha. Alipopewa ziwa mara ya kwanza akapaliwa, akawa wa bluu, wifi yako akapiga kelele wodi nzima ikasimama. Wakaleta mpira mwembamba wa kupitisha mdomoni hadi tumboni, ukafika mahali ukagoma. Picha ilipotoka tukaonyeshwa huo mpira umejikunja juu ya kifua kama uzi ulionasa kwenye bobini ya cherehani. Daktari wa upasuaji akatueleza kwamba umio, yaani ile njia inayoteremsha chakula kutoka kooni, umekatika tangu tumboni mwa mama yake. Kipande cha juu kimeziba mwisho, kipande cha chini kiko mbali, na nafasi iliyopo katikati ni kubwa mno. Mimi nilimwelewa upesi kuliko wote mle ndani, maana kitambaa kisichofika hakifiki, hata ukikivuta namna gani. Akasema akishakua na kufikisha uzito watamwekea kipande cha utumbo wake mwenyewe kijaze ile nafasi. Kwa wakati ule wangemtoboa mara mbili tu: tundu la shingoni mate yapate pa kutokea, na mpira wa tumboni wa kumlishia.

Hapo ndipo ulipokuja. Ulimwachia mwenzako darasa, ukapanda gari na begi moja, ukakaa nasi miezi minne. Sitaki kukupamba kwa sifa, unazijua. Bila wewe nyumba hii ingetushinda, maana wifi yako ilibidi arudi kwenye kazi yake ya kuoka mikate, anatoka alfajiri anarudi jioni, na mimi nina cherehani, siwezi kukibeba mgongoni. Wewe ndiye uliyekwenda kwa yule nesi mrefu wa kulisha watoto kujifunza. Aliwaonyesha kwamba kila mnapomimina maziwa kwenye mpira wa tumboni, wakati huohuo mtoto apewe maziwa mengine mdomoni. Anyonye, ameze, na yale maziwa yatoke yote kwenye tundu la shingoni yaishie kwenye kitambaa.

Niliona ni wazimu. Nilikuambia huko ni kumwagia maji gunia. Ukanieleza kwa subira yako ya chekechea kwamba maziwa yale si ya kumshibisha, ni ya kumfundisha. Nesi alikwambia mdomo una kazi yake, na kazi isipofanywa husahaulika. Mtoto akipita mwaka bila kumeza, siku njia ikifunguliwa anakuwa hajui chakula ni kitu gani, na wengine huogopa kijiko kuliko sindano. Mimi nikauliza kwa nini basi tumsumbue na kumlowesha mtoto mchana kutwa, mwenyewe analia. Ukanijibu mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, ukachukua rula yako ukapiga mistari kwenye daftari: saa, tumboni, mdomoni, maelezo. Mara nne kila siku. Ulipoondoka uliniachia daftari hilo na madaftari mawili mapya, mistari imeshapigwa, kalamu imefungwa kwa kamba. Ulisema kazi imebaki kwangu.

Baada ya hapo ikaja habari ya tarehe. Dada, naomba unipe ruhusa nilalamike kidogo, maana hapa hakuna anayenisikiliza. Tarehe ya kwanza tulifika hospitali na begi, taulo na beseni, tukaambiwa mashine ya kupumulia ya watoto imeharibika na fundi wake yuko safarini. Tarehe ya pili mashine imepona, Bosi ana mafua. Tarehe ya tatu mashine nzima, Bosi mzima, maji yamekatika, na bila maji chumba cha upasuaji hakifunguliwi. Mimi nikimwambia mteja aje Jumatatu na asikute nguo yake, ananitukana mpaka na babu zangu waliokwisha kufa. Hospitali inakuambia uje mwezi ujao, na wewe unasema asante sana, daktari. Nilisema asante mara tatu. Ya tatu ilinikwama kooni.

Ya nne ikawa. Bosi alikuwa na mwaka mmoja na miezi mitatu, anasimama kwa kushika meza, ana meno sita ambayo hayajawahi kuuma kitu zaidi ya kidole changu. Kazi ilichukua muda kutoka asubuhi hadi jua linazama. Daktari alitoka akiwa amevimba macho, akasema kipande cha utumbo kimekaa vizuri, damu inakifikia, tundu la shingoni limefungwa na mshono wa pale juu umeshika. Ana vidole vyembamba yule bwana, angekuwa fundi wa vifungo ningemwajiri. Wifi yako alimshika mikono akalia. Mimi nilisema asante, na hiyo ilitoka vizuri.

Baada ya siku kumi na mbili wakasema aanze kupewa maziwa kwa kijiko. Watu wakakusanyika, Dada, kana kwamba ni harusi. Nesi wa kulisha, wauguzi wawili, mama wa kitanda jirani, na wifi yako kashika kijiko kwa vidole viwili. Bosi akakitazama. Kilipogusa mdomo akapiga yowe, akarusha kichwa nyuma, maziwa yakamwagikia shuka. Tukasema ana usingizi. Mchana ikawa vilevile. Kesho yake vilevile. Hata mate alikuwa anayaachia yachuruzike kidevuni badala ya kuyameza. Nesi akabadilisha kijiko, akaleta kikombe, akaleta kitambaa kilicholowekwa maziwa. Bosi akijua kuna kitu kinakuja mdomoni anajikunyata mpaka anatetemeka. Siku ya tano wifi yako akaniuliza mbona nyumbani alikuwa anakunywa vizuri. Nikamwambia ni mshono, hapana shaka wamebana mshono.

Neno hilo nikalipenda, nikaenda nalo kwa daktari mwenyewe. Nilimkuta kwenye korido na wanafunzi wake wa udaktari, makoti meupe kama mwezi mzima wa kufua. Sikumngoja amalize. Nilimwambia mbele yao kwamba mimi nashona mwaka wa kumi na tisa sasa, na katika kazi yangu mkono wa shati ukikataa kuingia hatumlaumu mwenye mkono. Nikamwambia amebana mshono, akubali tu, hata mafundi wazuri hubana. Mwanafunzi mmoja alicheka akajifanya anakohoa. Daktari hakucheka wala hakunigombeza. Alisema inawezekana. Alisema mshono wa shingoni mara nyingi hujikunja na kusinyaa unapopona, na ndilo jambo analoliogopa kila akifanya kazi hii. Nilirudi kitandani kwa mtoto nimevimba kifua. Nikamsimulia mama wa kitanda jirani nilivyompa daktari vidonge vyake.

Wakajaribu kumpiga picha ya kumeza. Kuna dawa fulani nyeupe, mtoto anaimeza huku mashine inatazama inavyoteremka. Bosi aliitema yote kwenye shati la mpiga picha. Hapo ikabidi daktari aamue kwa kubahatisha, na akatuita sote ofisini: mimi, wifi yako na nesi wa kulisha. Akasema kuna mambo mawili. La kwanza, njia iko wazi ila mtoto hajui kumeza; dawa yake ni kumfundisha polepole, wala haina haja ya kisu. La pili, mtoto anajua kumeza ila mshono umebana, anasikia maumivu au anapaliwa, ndiyo maana anakataa. Dawa yake ni kumlaza kwa nusu kaputi na kuingiza vyombo vya kupanua pale palipobana. Akatuambia wazi kwamba mshono bado mchanga. Ukipanuliwa unaweza kuchanika, na ukichanika mtoto anaweza kurudi mwanzo kabisa, au tukampoteza.

Wifi yako akauliza watajuaje ni lipi kati ya hayo mawili. Daktari akavuta madaftari yetu matatu mezani. Akayafungua, akapitisha kidole kwenye mistari. Akasema mtoto huyu amemeza mdomoni mara nne kila siku kwa zaidi ya mwaka, hakuna siku iliyorukwa. Akasema katika wodi ile hajapata kuona daftari lililotunzwa namna hiyo, na angependa wazazi wengine waonyeshwe. Mtoto wa namna hiyo hawezi kuwa hajui kumeza. Kwa hiyo ni mshono, akasema, na akanigeukia mimi akasema fundi alikuwa na haki. Wifi yako alinishika goti chini ya meza. Aliona fahari, Dada. Nilipewa karatasi ya kukubali, nikatia sahihi.

Kazi ilipangwa Alhamisi asubuhi. Bosi hakupewa maziwa tumboni tangu alfajiri, akalia mpaka sauti ikakauka. Walimvalisha lile gauni la kijani la chumba cha upasuaji, kubwa kwake mara mbili, na pindo lake limepindwa vibaya, uzi unaning'inia. Nililitazama lile pindo njia nzima. Wifi yako alimbeba, mimi nilibeba madaftari, maana daktari alitaka yawepo. Tulipofika mbele ya ule mlango wenye vioo viwili vya duara, daktari alikuwa ameshavaa kofia yake, amenyoosha mikono ampokee. Bosi akamwendea, Dada. Yule mtoto haogopi watu, anaogopa kijiko tu. Akamnyooshea mikono yule mtu anayekwenda kumchana bure.

Nikasema simameni. Nikasema pale pale, kwa sauti iliyotoka kubwa kuliko nilivyotaka, kwamba daftari ni uongo.

Sasa na wewe nikuambie, maana wewe ndiye uliyepiga ile mistari. Mwezi mmoja baada ya wewe kuondoka niliacha kumpa Bosi maziwa ya mdomoni. Ulikuwa msimu wa sare za shule, nguo zimejaa mpaka juu ya kitanda. Kumlisha kwa mpira wa tumboni ni dakika chache, unaning'iniza bomba la sindano kwenye msumari na kazi inaendelea. Kumlisha mdomoni ni nusu saa ya vita, na maziwa yanachuruzika shingoni, yanalowesha fulana, kitambaa, mpaka kola za watu. Siku moja mteja wangu wa miaka mingi alikuja kupimwa. Nilikuwa namlisha Bosi, na maziwa yakatoka pale tunduni mbele yake. Akaruka nyuma, akajishika mdomo, akachukua kitambaa chake akasema atarudi. Hakurudi. Na wewe unanijua, Dada, mimi aibu ikinikamata naigeuza hasira. Nikasema ujinga gani huu wa kulisha kitambaa. Siku ile nikaruka mara moja. Wiki iliyofuata nikaruka tatu. Baadaye sikuwa naruka tena, nilikuwa nimeacha.

Lakini daftari niliandika. Kila Jumamosi nilikaa na kalamu ile yenye kamba nikajaza wiki nzima kwa mkupuo mmoja, kama ninavyojaza vipimo vya watu. Saa tatu, amekunywa vizuri. Saa sita, amekunywa vizuri. Miezi tisa, Dada. Na Jumapili, wifi yako alipokuwa nyumbani akitaka kumlisha mdomoni mwenyewe, Bosi alimkataa, na mimi nikamwambia mtoto amenizoea mimi, ana deko, amwachie baba yake. Mama wa watu akaamini mwanawe hamtaki. Kuna Jumapili alikwenda kulia nyuma ya nyumba, nikamsikia, nikaendelea kupiga pasi.

Usiniulize kwa nini sikusema pale ofisini, kalamu ikiwa mkononi. Nimejiuliza mwenyewe. Nadhani nilikuwa nimeusema ule mshono mara nyingi mpaka nikauamini. Na sifa ile ya daftari, nakuambia kweli, niliipenda. Nilitia sahihi nikiwa najiambia labda ni kweli umebana. Labda. Kwa ajili ya labda hiyo nilikuwa tayari mtoto apasuliwe mara ya tatu.

Daktari alivua kofia. Akaniuliza ni kwa muda gani, nikamwambia. Akaniuliza kama hata mara moja moja nilimpa, nikamwambia hapana. Akasema mtoto arudishwe wodini apewe maziwa ya tumboni haraka, ana njaa tangu alfajiri. Kisha akaniambia anajua angepaswa kunishukuru kwa kusema kabla ya mlango badala ya baada yake, lakini shukrani hiyo hanayo kwa leo. Nilianza kumwomba radhi kwa yale maneno ya mkono wa shati, akaondoka katikati ya sentensi. Hakuwa na kosa. Juzi walirudia picha kwa njia nyingine, wakadondosha dawa kidogo kidogo kooni kwa mrija wa puani, ikateremka moja kwa moja bila kukwama popote. Mshono wake umenyooka, Dada. Ni mzuri kuliko wangu wowote.

Wifi yako hakupiga kelele. Ningefurahi angepiga. Aliniuliza jambo moja tu, kama na zile Jumapili zilikuwa hivyo. Nikatikisa kichwa kukubali. Akamchukua mtoto kutoka kwa nesi akaenda naye. Tangu siku hiyo anazungumza nami habari za maziwa peke yake: yamepashwa, yamekwisha, lete mengine. Anakuja wodini baada ya kazi, ananisukumia beseni, anakaa upande wa pili wa kitanda. Mama wa kitanda jirani, niliyemsimulia nilivyompa daktari vidonge vyake, sasa akiniona anajifanya anatafuta kitu chini ya mto.

Nesi wa kulisha naye ana hasira, lakini ya kwake ina vipande viwili, changu na chake. Aliniketisha akafungua kurasa zako. Zina madoa ya maziwa, zimejikunja, wino umechuja. Umeandika amekataa. Umeandika amenitemea usoni. Umeandika leo ameshinda yeye, kesho ni zamu yangu. Kisha akafungua zangu. Safi, Dada, kama zimetoka dukani. Akasema yeye ni mtu wa miaka mingi katika kazi hii na alipaswa kujua kwa kugusa tu, kwamba daftari linalokaa karibu na mtoto anayelishwa mara nne kwa siku halibaki jeupe, na kwamba hakuna mtoto duniani anayekunywa vizuri kila siku. Alilipitia daftari lile zuri, akafurahi kwa uzuri wake, akalipeleka kwa daktari. Alisema hayo huku akikunja na kukunjua ukurasa mmoja.

Sasa kazi imeanza upya, na amesema lazima niifanye mimi. Inaweza kuchukua miezi, inaweza kuchukua miaka, na mpira wa tumboni utabaki muda wote huo. Hairuhusiwi kumlazimisha. Unaanza kwa kumgusa shavu, halafu mdomo, halafu kijiko kikavu achezee, halafu tone moja. Nimehamishia kazi zangu kwa fundi mwenzangu, sare za msimu huu atamalizia yeye. Tangu Ijumaa nakaa na Bosi mchana wote. Anacheka nami vizuri mpaka anaona kijiko. Leo nimejaribu mara sita. Mara sita amepiga yowe, na ya sita akanipiga kofi na kunikataa mpaka mikono yangu. Nimechukia nusura nitupe kijiko dirishani. Nikatoka koridoni, nikasimama, nikarudi nikaandika amekataa.

Ndiyo maana nakuandikia leo wala sikungoja nipoe. Najua unastahili kunitukana, na nakuomba unitukane kwa kirefu, karatasi nzima, sitapunguza neno. Lakini kabla ya matusi, au hata katikati yake, kuna jambo moja nalihitaji kutoka kwako na hakuna mwingine anayelijua. Mtoto huyu alikuwa anameza. Kwa miezi minne aliyokuwa nawe alimeza, madoa yako yanaonyesha. Nakumbuka ulikuwa unakaa naye dirishani, unamwambia maneno fulani, unafanya kitu kwa kidole karibu na kidevu chake, naye anafungua mdomo. Uliniita nije nione. Uliniita si mara moja, ukasema iko siku nitahitaji, na mimi nikakujibu naona, naona, endelea. Sikuona, Dada. Nilikuwa nashona. Hata kichwa sikukiinua.

Tafadhali niandikie ulikuwa unamfanyaje.

Nisalimie shemeji na uwapapase vichwa watoto wa darasa lako. Wifi yako hakuniambia nikusalimie, lakini alipoona naandika aliuliza kama ni kwako, nikasema ndiyo, akasogeza taa karibu nami. Bosi amelala, kalamu yako iko mkononi mwake, nitamnyang'anya nikimaliza kutia sahihi. Mungu akulinde na akupe magoti mapya.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi